Mshikio

Majira haya, Oulu, jua ni mgeni mwenye haraka:
linabisha hodi saa nne, saa nane limekwisha aga.
Tuko chini ya ardhi, chumba cha kufulia
cha jengo namba kumi na saba,
mashine mbili zikizungusha shuka za majirani,
sisi wanne, meza, dadu za pembe ishirini,
na mchezo wangu, niliouandika miaka mitatu.

Niliwaambia ni mchezo wa huzuni.
Kijiji kimefukiwa na theluji,
waliobaki wana mambo ya kuambiana.
Hivyo ndivyo nilivyosema.

Ilta akampiga mbwa mwitu kwa shoka.
Osmo akampiga wa pili.
Pirkka akauliza kama mbwa mwitu wana dhahabu.
Kufikia saa sita usiku tulikuwa na mizoga kumi na minne
na hakuna aliyeambiwa neno.

Nikawalaumu. Kimoyomoyo, lakini nikawalaumu.

Shangazi Tuulikki alikuwa akingoja soksi zake.
Miaka thelathini na mmoja kiwandani
alichonga mishikio ya milango, basi.
Akaichukua karatasi ya mhusika,
akaishika mbali na macho
kama anavyoshika barua za benki.
"Hapa juu umechora kisanduku: Silaha.
Kikubwa, mistari minane.
Na huku chini, karibu na tundu la faili,
kijistari: Unamkumbuka nani?
Eljas, mwanangu,
umeweka mshikio wa kuvuta,
halafu unawanunia watu kwa kuvuta.
Mkono hausomi maelezo.
Mkono huona umbo, ukatii."

Nyumbani nilikuwa na kurasa mia moja na arubaini za kanuni,
sura nzima ya majonzi,
aya juu ya aya nikisihi:
chezeni polepole, semeni kweli.
Vibao vya kubandika mlangoni, vyote. SUKUMA. VUTA.
Nikafuta.
Likaenda shoka, ukaenda uzito wa mizigo,
likaenda jedwali la majeraha
nililolipenda kama mtu apendavyo kosa lake mwenyewe.
Jina la unayemkumbuka likapewa nusu ya karatasi.
Dadu zikabaki mbili, na huzirushi
mpaka umemuuliza swali aliye kuliani kwako.

Jumanne. Mashine zilezile, shuka nyingine.
Ilta akauliza. Pirkka akajibu, akajishangaa.
Dadu zikalia mezani.
Niliona kazi yangu inatembea kwa miguu yake,
kichwa kikanivimba.

Ila Osmo,
Osmo aendeshaye jembe la theluji usiku kucha,
ambaye maneno yake ya wiki yanatosha kiganjani,
hakuijaza nusu niliyomtengea.
Aliigeuza karatasi.
Huko nyuma, nisikosanifu kitu,
akachora jiko, meza, viti vitatu,
kimoja akakipiga mstari.
Zamu yake ilipofika hakurusha dadu.
Aliusukuma mchoro hadi katikati.

Hakuna kanuni inayoruhusu hivyo.
Nikafungua kinywa nimkumbushe.
Shangazi akanikanyaga mguu.

Baadaye, mlangoni, akanionyesha uwanja kwa kidevu.
Manispaa imejenga njia ya lami, kona zake safi, taa kila hatua ishirini.
Na katikati ya theluji, mshazari,
mtaro wa nyayo
kutoka kituo cha basi hadi duka la mikate.
"Kila mwaka wanafunga kamba," alisema.
"Kila mwaka watu wanairuka."
Hakuongeza kitu. Soksi zilikuwa bado mbichi,
akazitundika shingoni, akapanda ngazi.

Leo naandika toleo la nne.
Upande wa nyuma nimeuacha mtupu.
Nilitaka kuandika pale juu: Chora hapa.
Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi nilipojizuia.
Imebaki nukta ya wino.
Sijui kama nayo niifute.